Nikuze Hakutoka Ng'ambo ya Mto

Kwa miaka mingi, mtu wa Isingiro aliyetaka miche ya kahawa ya kuaminika alielekezwa kwa Nikuze. Hata watu wa Ihembe, ambako ni wilaya nyingine kabisa, walipanda pikipiki wakamfuata. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya kichanja cha nyasi alichokifunga mwenyewe, viriba vya nailoni vimepangwa safu kwa safu, na kila safu aliijua: vikonyo vilikatwa lini, na kutoka mti upi. Ukinunua mche kwake ukakunyaukia, alikuja shambani kwako kutazama. Mara nyingi alikuta kosa ni lako, na alikwambia hivyo mbele ya mkeo bila kumung'unya maneno.

Alikuwa mtoto pekee wa Habumugisha na Anonciata. Habumugisha alivuka mto wa mpakani kutoka Rwanda angali kijana, miaka ile ya vurugu za mwanzo, akachunga ng'ombe wa watu, akalima vibarua, hatimaye mzee mmoja mwenyeji, wa kabila la Wanyambo, akamkatia kipande cha ardhi kwa kuridhika na kazi yake. Akapanda migomba, kisha kahawa katikati ya migomba. Wakimbizi wa zama zile walipopewa uraia, naye alipewa cheti chake, akakifunga ndani ya nailoni na kukiweka kwenye sanduku la bati. Alipofariki, Nikuze alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake alimfuata baba baada ya miaka mitatu. Akabaki binti na kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa, na nyumba ya udongo, na lile sanduku.

Watu walidhani atauza. Walikuja wanaume wa kununua na wanaume wa kuoa, na ukiwasikiliza vizuri ulikuta wote wanauliza kuhusu kahawa. Nikuze aliwakaribisha chai, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi kazini. Alifyatua matofali kwa mikono yake, akayachoma, akamwita fundi na kusimama naye ubavuni hadi mstari wa mwisho, akaingia nyumba mpya bila kumwita mjomba wala shemeji wa kumsaidia. Alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima kwa sababu ndiye pekee aliyeandika kumbukumbu zinazosomeka. Jumapili aliimba sauti ya pili kigangoni. Alicheka sana, kicheko cha kukata pumzi, na majirani zake walisema wakikisikia wanajua shamba lake leo limekaa sawa.

Kisha akarudi Cleophace.

Cleophace alikuwa mwana wa marehemu Rwegoshora na Deodatha, nyumba ya tatu kutoka kwa Nikuze. Walizaliwa mwaka mmoja. Walianza darasa la kwanza siku moja, na kwa kuwa mwalimu aliwapanga kwa kimo, waliketi dawati moja miaka minne. Baada ya darasa la saba kijana alikwenda Geita kwenye machimbo, na huko akakaa hadi alipokaribia miaka arobaini. Alirudi na pikipiki, na kikohozi kidogo, na hadithi nyingi. Hakuwa na mke wala mtoto aliyemtaja.

Siku ya kwanza alikuja kumnunulia mama yake miche. Aliikuta kazi ya kujaza udongo kwenye viriba, akakunja mikono ya shati, akajaza hadi jioni. Kesho yake akaja tena. Alikumbuka mambo ambayo Nikuze alidhani anayakumbuka peke yake: jinsi Nikuze alivyochapwa darasa la tatu kwa sababu ya rula aliyoivunja Cleophace, akakataa kumtaja. Alimletea kutoka mjini Rubwera mkasi wa kupogolea uliokuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kuwa nao. Lakini kilichomchukua Nikuze hasa kilikuja alipougua malaria. Cleophace alimpikia uji, akamfulia nguo zake zote, akazianika kwenye kamba mbele ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye alimwona mwanaume mzima akikung'uta gauni la mwanamke. Waliopita walimtania. Yeye naye aliwatania, akaendelea kuanika. Nikuze alimtazama kupitia dirishani, kichwa kikimgonga, akajisemea kwamba huyu ndiye.

Akahamia kwake. Watu walisema Cleophace ameolewa, na yeye alicheka pamoja nao. Ndoa, alisema Cleophace, itafungwa matanga ya baba yake, aliyekuwa amefariki karibuni, yakiisha. Matanga yakaisha. Itafungwa kaka akirudi kutoka Mwanza. Kaka alirudi, akaondoka. Itafungwa baada ya mavuno. Padri alipouliza, Nikuze ndiye aliyejibu kwa niaba yake, na alijibu kwa ufasaha, kama mtu anayesoma taarifa ya kikundi.

Alianza kubadilika, na alibadilika akiona. Aliacha ukatibu kwa sababu Cleophace alisema mikutano inamla sana. Wanunuzi wa kahawa walipokuja, alimwachia Cleophace azungumze, ingawa yeye ndiye aliyejua kila gunia limekauka kiasi gani. Alizoea kumsubiri kwa chakula. Alinunua vitenge vya rangi ambazo zamani angeziita za kujionyesha. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amebeba kila kitu peke yake miaka kumi na mitano, na ilimpendeza kukitua chini. Baadaye hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: kwamba alikuwa na raha.

Mwaka ule wapima ardhi walifika kijijini. Mashamba yote yalikuwa yapimwe, kila mwenye shamba apate hatimiliki ya kimila. Zamu ya kitongoji chao iliangukia siku kumi ambazo Nikuze alikwisha kuahidi kukaa Ihembe, akiwafundisha kina mama wa huko kuanzisha kitalu. Alitaka kuahirisha. Cleophace akamwambia aende, mipaka anaijua, na jirani yao Xaveria atakuwepo kushuhudia. Nikuze alimwonyesha sanduku la bati, akamtolea cheti cha baba na kadi yake ya ubatizo, akamwelekeza awaonyeshe wapima na awaambie mwenye shamba ni Nikuze. Cleophace alizichukua zile karatasi kwa mikono miwili. Nikuze aliporudi kutoka Ihembe, Cleophace alimwambia kazi imekwenda salama na karatasi amezirudisha sandukuni.

Miezi sita baadaye hati zililetwa, zikagawiwa kwenye uwanja wa shule. Karani aliita jina, akasoma mipaka, mwenye jina akapita mbele na kutia dole gumba. Nikuze alisimama kwenye mstari akiwa amevaa nguo ya kanisani. Aliitwa huyu, akaitwa yule. Karani akaita, "Cleophace Rwegoshora," na Nikuze akageuka kumtazama kwa furaha, akidhani Cleophace na kaka yake wamegawana kiwanja cha marehemu Rwegoshora. Karani akasoma: mashariki shamba la Xaveria, magharibi kijito, kaskazini njia ya kwenda kigangoni. Alikuwa anasoma kibanja cha Habumugisha. Nikuze alisikia ardhi yake ikisomwa mpaka mwisho, kona zote nne, na akamwona Cleophace akipita mbele na kuweka dole gumba kwenye wino.

Nyumbani alimuuliza. Cleophace alikuwa na jibu tayari, na alilitoa kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa yake.

"Jina lako lingeleta maswali," alisema. "Wangeuliza Habumugisha ni jina la wapi. Nimekukinga, Nikuze. Changu si chako?"

Alilitamka jina la baba wa Nikuze kana kwamba ni ugonjwa wa ukoo. Katika miaka yote waliyojuana, tangu dawatini, Nikuze hakuwahi kulisikia likitamkwa hivyo na mdomo ule. Alimwambia Jumatatu wataongozana kwenda kusahihisha. Cleophace akakubali. Akala, akanawa, akamwambia asijali.

Ijumaa gari likaja.

Maofisa wawili wa uhamiaji waliokuwa ndani yake walisema wamepata taarifa ya mwanamke asiye raia anayemiliki shamba bila haki. Nikuze aliitwa ofisi ya kijiji, akaenda na tope la kitaluni miguuni. Kitambulisho cha taifa hakuwa nacho. Alijiandikisha mapema, na kila alipofuatilia aliambiwa bado. Akawaambia karatasi za baba yake ziko nyumbani, kwenye sanduku. Walimzuia kwenda mwenyewe. Wakamtuma Cleophace.

Alirudi na sanduku mikononi. Ndani yake mlikuwa na rozari ya Anonciata, daftari la zamani la kikundi, na risiti za mbolea. Cheti hakikuwemo. Kadi ya ubatizo haikuwemo. Nikuze alipekua mara mbili, kisha akainua uso kumtazama mtu aliyempa karatasi zile kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo alipoelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, kuanzia siku ya Ihembe.

Ofisa alimuuliza Cleophace anamfahamu mwanamke huyu tangu lini.

"Nilimkuta hapa niliporudi kutoka Geita," Cleophace alisema. Alikuwa anatazama viatu vya ofisa. "Mwenyewe aliniambia ametoka ng'ambo ya mto."

Ofisi ilikuwa imejaa watu. Mtendaji alikuwa mgeni, ameletwa mwaka uliopita, tumwache. Lakini mzee Melkiory, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa ameketi pale kwenye benchi, na kila mti wa kahawa alionao ulitoka kwenye kitalu cha Nikuze. Walikuwepo watu walioimba naye. Walikuwepo waliobeba jeneza la mama yake. Ofisa alipowageukia, Melkiory alisema yeye hawezi kusema lolote bila karatasi. Wengine walitazama nje, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Nikuze aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, akiwahesabu, na hesabu ile hajaisahau.

Wakampakia garini.

Alikaa mahabusu siku kumi na moja. Alikuwa pamoja na wanawake wawili wa Kirundi waliokamatwa wakipalilia mashamba ya watu. Wao walisema wazi walikotoka, na walimshangaa huyu anayesema ametoka saa moja tu kwa pikipiki. Aliambiwa wiki inayofuata kutakuwa na gari la kwenda mpakani. Ofisa mmoja aliketi naye kujaza fomu, akamuuliza kijiji chake cha asili huko Rwanda ni kipi. Nikuze akamwambia Isingiro. Ofisa akatabasamu, akauliza tena. Kisha akaanza kuandika kitu.

"Andika Isingiro," Nikuze alimwambia. "Ukiandika kingine sitatia saini, hata mnivunje vidole."

Ofisa aliacha nafasi ile wazi. Nikuze hakulala vizuri hata siku moja kati ya zile kumi na moja, lakini hakulia. Alikuwa na hasira kiasi kwamba machozi hayakupata njia. Alirudia kichwani maneno ya Cleophace na kuyapima. Mtu anaweza kukuibia shamba kwa tamaa, hilo alilielewa, wezi wa mashamba amewaona. Lakini huyu alijua ukoko wa malaria kwenye midomo yake, alijua alama ya fimbo ya darasa la tatu, akasimama akasema alimkuta tu. Alimfuta na utoto wake wote, na nusu ya utoto ule ilikuwa ya Cleophace mwenyewe.

Xaveria, jirani wa upande wa mashariki, ndiye aliyevunja ukimya. Siku ya kukamatwa alikuwa msibani Nkwenda, na aliporudi akasimuliwa na watu waliosimulia kana kwamba wao hawakuwepo. Kwanza aliona haya kwa niaba yao. Kisha akaenda kwa Deodatha, mama yake Cleophace.

Deodatha alikuwa na miaka sabini na kitu, na miguu iliyovimba. Mwanawe alimwambia Nikuze amekwenda kutembelea ndugu zake Rwanda. Xaveria alimweleza yaliyotokea, kwa utaratibu, hadi maneno ya mwisho aliyoyatamka Cleophace ofisini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kama ni kweli. Alisema Nikuze hana ndugu Rwanda anayemjua hata kwa jina, akamwomba Xaveria amshushie kitenge chake cha kanisani pale juu.

Walichukua bodaboda mbili. Walipitia parokiani kwanza, na Deodatha akamwomba katekista afungue kitabu cha ubatizo cha mwaka aliozaliwa mwanawe. Katekista alifunua kurasa, akamkuta: Nikuze, binti wa Habumugisha na Anonciata, amezaliwa hapa, amebatizwa hapa. Kwenye nafasi ya msimamizi liliandikwa jina la Deodatha. Katekista alinakili ukurasa, paroko akapiga mhuri, wakaendelea na safari hadi ofisi ya uhamiaji.

Ofisa alimwamkia vizuri yule bibi, akampa kiti. Deodatha aliitikia shikamoo yake, akakataa kiti.

"Nimekuja kumchukua binti yangu wa ubatizo," alisema.

Ofisa alimweleza kwa adabu kwamba wana maelezo ya mtu anayeishi naye, na mtu huyo, kwa jina, nadhani ni mwanao, bibi.

"Najua alichosema. Huyo nimemzaa mimi. Na huyu mliyemfungia, mama yake alijifungua nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikamshika siku ile ile kabla baba yake hajamshika. Mmesema mnamrudisha alikozaliwa. Basi mleteni kwangu, nimekuja na pikipiki."

Ilichukua siku mbili zaidi. Katika siku hizo mbili mtu fulani alipata wazo la kufungua majalada ya zamani, na nakala ya cheti cha uraia cha Habumugisha ikapatikana, imeandikwa vizuri, namba inasomeka. Ilikuwa humo siku zote. Kwa siku kumi na moja walimtafutia Nikuze kijiji cha kumtupa, na hakuna aliyenyoosha mkono kwenye kabati lililokuwa nyuma ya kiti chake. Hakuna aliyemwomba radhi pia. Aliambiwa asaini kitabu, akarudishiwa viatu.

Njiani Deodatha hakuzungumza. Waliposhuka alimshika Nikuze mkono, akamwambia asimwombe amlaani Cleophace, kwa sababu hataweza. Nikuze akamjibu kwamba hajaja kwake kuomba hilo.

Nyumbani alikuta kitasa kipya mlangoni. Cleophace alitoka akamsimamia kizingitini, akiwa amevaa sweta ambalo Nikuze alimnunulia. Nyuma ya nyumba kitalu kilikuwa kimekauka. Safu za mbele zilikuwa zimeuzwa, na zilizobaki hakuna aliyezimwagilia, vikonyo vimesimama kwenye viriba kama njiti. Nikuze aliinama akang'oa kimoja, akatazama mizizi iliyokuwa imeanza kutoka ikafia njiani. Akauliza cheti cha baba yake kiko wapi. Cleophace akasema hajui anazungumzia nini. Kisha akasema kama anataka kuingia aingie, yeye hana ubaya, lakini ajue shamba lina hati.

Hakuingia. Alihamia kwa Xaveria na nguo alizokuwa nazo mwilini, akapeleka shauri mbele ya baraza la kijiji.

Baraza lilikaa, na wazee walizungumza kwa muda mrefu kuhusu amani. Walisema hawa ni watu waliokwisha kuishi pamoja, dunia imewapitia, wafunge ndoa sasa na shamba litakuwa la wote wawili. Na kama ndoa imeshindikana, basi mwanamke achukue nyumba, mwanaume achukue kahawa, kwa jasho lake la miaka mitatu aliyoishi pale. Mzee Melkiory ndiye aliyekuwa akilieleza hili, taratibu, akipiga piga meza kwa ncha ya kidole. Alipomaliza, Nikuze aliomba kusema.

"Mzee Melkiory, kahawa yako umeipata wapi?"

Melkiory alisema wote wanajua, ni kwenye kitalu chake.

"Siku ile nilipochukuliwa ulikuwa umeketi wapi?"

Alisema alikuwa ofisini.

"Ukasema nini?"

Mzee aliondoa kidole mezani. Nikuze akawageukia wengine.

"Mnaniambia nigawane na mtu huyu, kana kwamba tumegombania mbuzi. Angeniibia mbuzi ningemwita mwizi, yakaisha. Huyu alitaka niwe sijazaliwa. Alisimama mbele yenu akasema hivyo, nanyi mkamwachia, na leo mnaniletea habari za jasho lake. Jasho la baba yangu liko wapi kwenye hesabu yenu? Sigawani. Hata mche mmoja."

Akatoka kabla hawajamaliza kutazamana. Jioni ile wengine walisema ana kiburi, na kwamba mwanamke akizoea kuishi peke yake huwa hivyo.

Alikata rufaa kwenye baraza la ardhi la wilaya. Shauri lilichukua miezi kumi na minne, akienda na kurudi kila lilipoitwa, akiambiwa leo mwenyekiti hayupo, leo faili halijafika. Alilima vibarua kwenye mashamba ya watu aliowauzia miche. Aliwapita wengine njiani na hakuwasalimia, yeye aliyekuwa akisalimia mpaka watoto wachanga mgongoni. Cleophace alivuna kahawa misimu miwili. Alipogoa vibaya, akikata matawi yanayozaa, na Nikuze aliyaona kutoka upande wa Xaveria akalazimika kuingia ndani ili asiyaone.

Siku ya ushahidi, Deodatha alikuwa mgonjwa, lakini Xaveria alikwenda. Alikwenda pia mwalimu Aristides, mkuu wa shule ya msingi, mtu mpole asiyependa mabaraza. Hakuitwa na mtu. Alisikia habari ile, akaingia stoo ya shule, akapekua rejesta zilizoliwa na mchwa mpaka akaipata ya darasa la kwanza la mwaka walioanza Nikuze na Cleophace. Mwenyekiti wa baraza alimuuliza Cleophace kama bado anasema alimkuta Nikuze aliporudi kutoka Geita. Cleophace akasema ndiyo. Rejesta ikafunguliwa mbele yake. Majina yao yalikuwa ukurasa mmoja, na kando ya yote mawili mwalimu wa zamani alikuwa ameandika namba ya dawati, na namba ilikuwa moja.

Cleophace alisema amesahau. Watu wakacheka ukumbini. Nikuze hakucheka. Alikuwa akimtazama akilisema neno lile, amesahau, kwa sauti ile ile ya upole aliyokuwa akimwambia nayo usijali.

Hati ilifutwa, ikaandikwa upya kwa jina la Nikuze Habumugisha. Alitia dole gumba, na halafu akaomba kalamu atie na saini. Cleophace alipewa siku saba za kuondoka, akaondoka siku ya sita, akahamia nyumbani kwa mama yake. Cheti chenyewe cha Habumugisha hakijaonekana hadi leo.

Wala hakwenda mbali, na hili nalo ni la kukasirisha. Yupo pale pale, nyumba ya tatu. Wanaume wanakunywa naye rubisi, ile pombe ya ndizi. Wanamwita kwenye misiba, anachimba kaburi, anahutubia. Ukiwasikia wanavyomzungumzia utadhani aliazima jembe akachelewa kulirudisha. Mwaka uliopita walikuja watatu, Melkiory akitangulia, na kahawa ya kutafuna, ile ya kupatanishia watu, kwenye kikapu kidogo, kumwombea msamaha. Nikuze aliwawekea viti nje. Hakugusa kahawa ile. Aliwaambia kama amesamehe au hajasamehe ni kati yake na Mungu, lakini Cleophace hakanyagi kibanja hiki, na wao wakija tena kwa shughuli hii wasikanyage. Wakaenda na kikapu chao.

Kitalu kimerudi. Si kikubwa kama cha zamani, lakini miche inashika. Amerudi kuwa katibu wa kikundi. Wapima wanapokwenda kijiji kingine, kina mama humtuma mtu kumwita, naye huenda, hata Ihembe ameshakwenda mara mbili. Husimama pembeni ya karani na kumtaka kila mwanamke asome jina lake mwenyewe kwenye fomu kabla haijafungwa, na asiyejua kusoma humsomea herufi kwa herufi. Makarani hawampendi. Kicheko chake kimekuwa haba. Kuna siku, akiwa anajaza udongo kwenye viriba, humkumbuka mwanaume aliyekunja mikono ya shati pale pale alipoketi, na hukasirika upya, safari hii kwa kuwa amemkumbuka kwa hamu.

Deodatha hatoki kitandani sasa. Kila Alhamisi Nikuze humpelekea uji wa ulezi na ndizi zilizopondwa laini, na ili kufika kwake lazima apite uani. Alhamisi iliyopita Cleophace alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa akinoa panga. Alisimama, akamsalimia. Nikuze alipita na bakuli lake, akaingia, akamwinua bibi na kumwegemeza kwenye mito.

"Amekusalimia?" Deodatha aliuliza.

"Amenisalimia, mama."

"Ukamjibu?"

"Hapana."

Bibi alitazama ukutani. Kisha akafungua mdomo kupokea kijiko.